Robine ya Juu ya Argon

Furaha alipiga simu mchana, nikiwa nachambua mchele mlangoni, akaniambia baba yake amefariki kule Bukavu. Nilisema innalillahi kama inavyopasa, nikampa pole, nikauliza mazishi ni lini. Lakini hayo yalitoka mdomoni tu. Moyoni lilikuwemo swali moja, nami naona haya kuliandika: je, mzee aliwahi kumwambia? Nilikata simu nikabaki na ungo mapajani mpaka adhana ikapita, kama nilivyokuwa nikikaa mwaka ule nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Mtu akikutunzia siri miaka arobaini, siku anapokufa hujui ameiacha wapi. Yale makubwa yaliyotupata baadaye, huku kwetu na kule ng'ambo, yalitupokonya watu wengi mno, na ungedhani hofu ya mitungi mitatu ya oksijeni ingesombwa nayo. Haikusombwa. Ilijibanza mahali pake ikaningoja, nayo ndiyo iliyoamka kabla hata sijaanza kulia.

Ya nyumbani kwetu sitayaeleza, hayana neno hapa. Mwaka ninaousema nilikuwa mpima hewa. Watu wakisikia hivyo hucheka, na hata wakati ule walicheka. Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, kwenye mteremko wa Kamembe, upande wa Rwanda, unaotazama ziwa; kilifungwa zamani na mahali pake sasa pana ghala la mahindi. Kazi yake ilikuwa kuivuta hewa hii hii tunayoivuta sisi, kuibana, na kuipoza mpaka igeuke maji ya rangi ya samawati iliyofifia, kisha kuitenganisha ndani ya mnara mrefu uliovikwa bati na pamba ya mawe. Oksijeni ilijazwa kwenye mitungi ya chuma kwa ajili ya hospitali na ya mafundi wa kuchomelea, hasa wale waliotengeneza malori ya saruji ya Muganza, maana hayo kila wiki yalivunjika kitu. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja, meza moja, na chombo cha kioo chenye mistari myembamba. Ndani ya kioo kile mlikuwa na nyaya za shaba zilizokatwakatwa, zimelowa maji ya amonia. Unaingiza hewa ya mnara vipimo mia, unatikisa, shaba inakula oksijeni yote, na kinachobaki juu ya maji ndicho uchafu. Kikibaki nusu ya kipimo, unafungua mlango na kusema wajaze. Kikizidi kimoja, mtungi hauendi hospitali, unakwenda kwa mafundi wa malori. Kanuni hiyo iliandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, nami nilikaa nayo uso kwa uso mchana kutwa. Amonia ilinitoa machozi tangu asubuhi mpaka jioni, nikipita sokoni wanawake wananiangalia kwa huruma na kunong'ona kwamba yule binti bila shaka amechumbiwa akaachwa.

Msimamizi wa mnara alikuwa Papa Furaha. Jina lake la karatasini nalihifadhi; sote tulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Alikuwa Mshi wa Bukavu, upande wa Zaire, akivuka daraja kila asubuhi na kurudi kwao kila jioni, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa waya kwenye sikio la kushoto, na mwenye mkono mwepesi juu ya robine, zile koki za kufungulia gesi, hata ungedhani anamshika kifaranga. Alikuja na chakula kilichofungwa kitambaa: bugali, na sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaangwa mpaka mifupa ikawa haina habari, na siku nyingine maharage. Mkewe, Maman Furaha, ndiye aliyepika. Sikuwahi kumwona, lakini nilikula mikononi mwake karibu mwaka mzima, kwa sababu sehemu moja ya kile chakula ilikuwa yangu na mzee hakukubali kusikia vingine. "Kula, binti. Maman Furaha anauliza kila siku: ule mutoto ya Kamembe anakula? Nikisema hapana, mi njo nitalala na njaa." Tulikula mezani kwangu, kioo kimesogezwa pembeni, huku tukiwasikia mafundi wa malori wakibishana getini kuhusu nani alifika kwanza. Ilikuwa saa pekee ya siku ambayo sikuogopa kitu. Nikiri kwamba mimi ni mwoga kwa asili. Hata mlango uliofungwa vizuri narudi kuusukuma.

Katika saa hizo za kula ndipo aliponifundisha habari za gesi adimu, zile zisizochanganyika na kitu chochote, zisizoungua wala kuunguza. Yeye aliziita "bavivu." Alisema mwalimu wake wa zamani alimweleza kwamba hata jina argon, katika lugha ya watu wa kale, maana yake ni mvivu. Alichukua sahani mbili za bati, akaziinua moja baada ya nyingine. "Mu munara kuko sahani mingi, moja juu ya ingine. Ku kila sahani iko maji kidogo, na mvuke inatoka chini inapita mu ile maji. Sasa kila gazi inachagua: kiasi gani ibakie ku maji, kiasi gani iende na mvuke. Zote ziko fasi zote mbili, lakini hapana sawasawa." Neoni na heliyumu, alisema, zina kiburi, haziingii majini, zinapanda pamoja na azoti, yaani nitrojeni, mpaka kichwani mwa mnara na kujazana pale, na usipozifungulia zinaziba njia ya wengine. Kriptoni na zenoni zikishaingia majini hazitoki tena, zinashuka chini kabisa pamoja na oksijeni. "Hizi hazina shida, unajua kwenye ziko. Argon njo inasumbua. Ikikuta azoti, inapenda maji. Ikikuta oksijeni, inapenda mvuke. Kule juu banaifukuza, chini banaifukuza, inabakia mu tumbo ya munara." Akacheka, akarudisha sahani. "Kama mi. Bukavu banasema mi ni muntu wa Rwanda, juu ya kazi. Huku banasema mi ni Muzairwa." Nilicheka naye, na sikuona ajabu yoyote. Ni leo tu, nikiandika, ndipo ninaposikia kwamba mtu yule yule, ndani ya mlo mmoja, alisema sahani moja iko juu ya nyingine, kisha akasema anasemwa juu ya kazi, yaani kwa sababu ya kazi, na kwamba maana zilikuwa mbili. Na mimi nilizaliwa ndani ya lugha hiyo, mimi mwenyewe nikitaka kujua sababu nauliza "juu ya nini?" Sikio limezoea, halishtuki.

Kwenye tumbo la mnara palikuwa na robine ndogo ya kuitoa argon nje kidogo kidogo, yenye kibati cha shaba kilichochongwa herufi mbili, A na r. Ikilegezwa kiasi, uchafu wa oksijeni unashuka. Ikisahauliwa, argon inajaa, inateremka, inaingia kwenye oksijeni ya chini, na kioo changu kinaisema. Robine hiyo aliishika Papa Furaha peke yake. Mimi nilitakiwa kupima, kuandika kwenye daftari, na kumwita. Mpangilio huu ulinifaa sana. Nilipenda kuwa mtu wa kusema tarakimu na kuwaachia wengine matokeo yake.

Mvua za masika zilipoanza, Maman Furaha aliugua. Moyo wake, tuliambiwa, ulikuwa umechoka tangu miaka mingi, na sasa miguu ilivimba na pumzi ikawa haimtoshi. Chakula kwenye kitambaa kikakoma. Mzee akawa anakuja na mkate mkavu, nao anaukata nusu ananipa. Kisha akamvusha daraja kumleta hospitali ya huku kwetu, kwa sababu huku oksijeni ilikuwa jirani na yeye ndiye aliyeitengeneza. Nakumbuka alivyosema hivyo, kwa fahari ndogo iliyonichoma moyo: "Atapumua ile yetu, Shemsa. Kazi yetu mi na we." Tangu siku hiyo sikupima tena hewa. Nilipima pumzi ya mwanamke aliyenilisha. Nilikuwa narudia kila kipimo mara mbili, daftari likajaa, fundi wa kompresa, ile mashine ya kubana hewa, akaniuliza kama nalipwa kwa idadi ya mistari.

Asubuhi ya siku ya tano nilifika kazini nikakuta miwani ya mzee mezani kwangu, na chini yake kipande cha katoni ya sabuni. Kwa kawaida aliniandikia Kifaransa, kwa sababu majina ya vyuma vyote yalikuwa ya Kifaransa. Siku hiyo aliitwa hospitali ghafla alfajiri, akaandika kwa lugha ya moyoni: *Shemsa, mi niko lopitali. Uchafu ikipanda, fungua kidogo robine juu ya argon. Nakuya kisha.* Saa mbili nilipima: sifuri nukta saba. Tulizoea sifuri nukta nne. Haikuwa imepita kanuni, lakini ilikuwa inapanda, na ujumbe ulikuwa wazi. Nilipanda ngazi ya chuma, nikaiona robine yenye kibati, nikainua macho, na kweli, hatua moja juu yake palikuwa na robine nyingine ndogo, haina kibati, mpini wake umefungwa kamba. Robine juu ya argon. Ningetilia shaka nini? Nilifungua kamba, nikaizungusha kidogo, baridi ikaniuma vidole, nikashuka nikijiona mtu mzima. Hata nilitabasamu. Saa tatu nilipima tena: sifuri nukta tisa. Nikajisemea kwamba nimeifungua kichoyo, nikapanda, nikaiongeza.

Sasa naelewa nilichokuwa nafanya. Robine ile ya juu ilitoa azoti, ambayo ingeondoka yenyewe bila msaada wangu. Nikaupotezea mnara mizani, na argon, ambayo mlango wake niliuacha umefungwa, ikasukumwa chini kwenye oksijeni. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba saa nne kasoro dakika ishirini gari la hospitali liliingia likipiga honi, na dereva akaruka nje akisema, "Haraka, haraka! Masera ya wodi anasema kuko muntu anakosa mupepo." Mitungi mitatu ilikuwa imejazwa baada ya kile kipimo cha saa tatu. Kipimo kilichofuata kilikuwa cha saa nne. Kanuni ilisema mtungi usitoke kabla ya kipimo. Nilimwangalia dereva, nikamfikiria huyo mtu anayekosa pumzi, nikajua ni nani, nikasema, "Chukua." Wanaosema haraka haraka haina baraka hawajawahi kusimamiwa na gari linalonguruma. Saa nne kamili nilitikisa kioo, nikakiinua dirishani, na maji ya amonia yakasimama kwenye mstari ambao sikuwahi kuuona ukitumika. Sita. Nilitikisa tena. Sita. Nilipima kwa hewa mpya, nikanawa macho, nikasoma. Sita, na unywele mmoja.

Nilimwambia fundi wa kompresa asijaze mtungi hata mmoja, nikapanda nikaifunga ile robine kwa nguvu, kisha nikakifunga kioo ndani ya kitenge, nikakitia kwenye kikapu cha sokoni, nikatoka. Ni mwendo wa nusu saa kufika hospitali. Sikumbuki barabara, nakumbuka kikapu tu, jinsi nilivyokishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, nikiogopa kujikwaa, na ndani yake shaba ikigonga kioo, ti, ti, ti. Watu waliniamkia nikapita kama kiziwi. Nilikuwa nahesabu: mtungi wa kwanza ameunganishiwa saa nne na dakika tano, labda na kumi, anavuta, anavuta, sasa amevuta mara mia tatu. Kwamba argon ni mvivu nilikuwa nimefundishwa. Lakini mtu mvivu akilala mlangoni bado anazuia njia, na mimi sikujua ndani ya mapafu ya mgonjwa mvivu hulala wapi. Karibu na lango la hospitali nilikitua kikapu. Nilikaa juu ya jiwe. Wazo likanijia, safi, kama limeandaliwa na mtu: rudi, andika nusu kwenye daftari, hakuna atakayejua. Nililigeuza wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha nikasimama, si kwa ushujaa, ila kwa sababu niliogopa kukaa peke yangu na lile daftari.

Wodi ya wanawake ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu iliyosuguliwa kwa sabuni nyeusi. Maman Furaha alilala kitanda cha karibu na mlango, mdogo kuliko nilivyomfikiria, mpira wa oksijeni puani, macho yamefumbwa. Miguuni pake alikaa msichana wa rika langu akisuka ukili wa kikapu, ndiye Furaha. Kitanda cha pili wanawake wawili walikuwa wanasemezana kwa sauti ya chini kwamba yule wa mlangoni ni Mzaire, na kwamba mume wake ndiye mwenye mupepo, na mwenye mupepo naye anaombea mke wake mupepo, dunia hii. Papa Furaha alipoona kikapu aliinuka kabla sijafungua mdomo. Tulitoka barazani, ilipopangwa ile mitungi miwili iliyobaki. Nilipima wa kwanza, nikapima wa pili, nimepiga magoti kwenye saruji, harufu ya amonia ikamfanya Masera Odila, mtawa aliyesimamia wodi, atoe kichwa dirishani na kukirudisha.

"Ulifungua robine gani?" mzee aliniuliza.

"Ile ya juu ya argon. Vile uliandika."

"Ya juu?" Niliona maneno yake mwenyewe yakimrudia. "Shemsa. Sikusema ya kule juu. Nilisema juu ya argon. Ile yake. Juu yake njo unafungua."

"Kuko robine juu yake, Papa Furaha. Niliiona."

"Iko," alisema. "Eeh. Iko." Akajifuta uso na kiganja. "Na kioo inasema ngapi?"

Miwani yake ilikuwa kiwandani, mezani kwangu. Alikiinamia kioo lakini nilijua haoni ile mistari. Ningesema moja, angeamini moja. "Sita," nikasema. "Bombone zote mbili. Na ile ya ndani ni ya saa hiyo hiyo."

Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Alisimama akitazama mtungi, akihesabu kwa vidole kama mtu anayefunga mzigo. Nikamwambia tumtoe ule mpira. "Tukitoa, atapumua nini?" Mupepo wa kawaida, nikasema. "Mupepo iko na oksijeni makumi mbili na moja. Hii iko na makumi kenda na ine. Na ile argon unaipumuaka tangu ulizaliwa, iko mu mupepo yote, hapa mbele yako. Ni muvivu. Haitamufanya kitu." Alisema kwa sauti ya darasani, ile ya sahani za bati. Lakini mkono mmoja alikuwa ameuweka juu ya mtungi, wala hakuuondoa mpaka alipomaliza. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua au alikuwa anaomba. "Rudi, uifungue ile ya argon, robo ya muzunguko. Ngojea mupaka irudie nusu. Halafu utume bombone mupya. Na Shemsa, usimwambie Furaha. Ni mutoto, ataona kila kitu mubaya." Kisha akaingia ndani, akamwambia Masera kwamba kipimo kimefanywa.

Mnara ulituliza hasira zake polepole. Saa tano, tano. Saa saba, tatu. Sikula. Saa kumi kioo kikaonyesha nusu, nikapima mara nne kabla ya kuwaacha wajaze, na mitungi mipya ikaondoka jua likiwa bado liko juu ya ziwa. Kwa hiyo mke wa mtu aliyenifundisha kazi alivuta uchafu wangu kwa muda wa saa nane hivi. Siku zilizofuata niliipima kila mtungi wa hospitali peke yake, jambo ambalo hakuna aliyeniagiza, na oksijeni ya juma lile ilikuwa safi kuliko yote iliyowahi kutoka kwenye mnara ule. Sifuri nukta tatu. Siku ya saba baada ya kosa langu, asubuhi, akivuta hiyo sifuri nukta tatu, Maman Furaha alikufa.

Mzee alirudi kazini matanga yalipokwisha. Alivaa miwani yake, akaniangalia kana kwamba anajaribu kunisoma, kisha akaomba daftari. Alipitia kila mstari wa siku alizokosekana. Alipofika siku ile aliisoma ile sita niliyoiandika, kwa kalamu ya wino, haikufutwa, akafungua ukurasa uliofuata. Kilichobadilika ni kitu kimoja, nami nilichukua wiki nzima kukigundua: hakusema tena "juu ya" kwa maana ya sababu. Alikuwa akiianza sentensi, anasita, kama mtu aliyekanyaga ngazi mbovu, halafu anasema "sababu ya." Mtu wa Bukavu, tena wa umri wake! Wenzetu walimtania kwamba ametaka kuwa shekhe wa Ujiji. Mimi sikuweza kucheka. Kila "sababu ya" ilikuwa inanidunga, maana nilijua ananiondolea lawama kwa njia pekee aliyoipata, na lawama ambayo mtu amekuondolea hivyo haiondoki. Miezi iliyobaki ya mwaka ule nilikonda. Nilianza kusikiliza pumzi za watu: abiria aliyekaa karibu, mtoto wa jirani, mama aliyebeba ndizi akipanda mteremko. Alinifundisha robine zote, moja moja, mpaka nikaachiwa mnara, na watu wakanipongeza. Nilipika bugali wa kula naye saa sita, ukawa mgumu, akaula wote.

Basi nilivuka daraja kwenda kuhani. Nyumba yao iko kwenye mlima, ngazi nyingi, na magoti yangu si ya msichana tena. Furaha sasa ni bibi mwenye wajukuu, mnene, mcheshi hata msibani. Aliniweka chumba cha ndani, mbali na kwaya iliyokuwa inajifunza nyimbo uani, akaniletea chai, akasema watu wa kanisa wanataka mmoja wa wenzake wa kazi aseme neno, na wengine wote wametangulia, nimebaki mimi. Kumbe hakujua kitu. Mzee alikuwa ameondoka na ile siri. Ningeweza kunywa chai, kusimama, kusema alikuwa mwalimu mwema, na kurudi kwetu salama. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeificha mpaka nimezeeka nayo. Nilimwambia funga mlango. Nikamweleza yote: katoni ya sabuni, robine, dereva, ile sita, jinsi nilivyokaa juu ya jiwe nikitaka kudanganya, saa nane za uchafu. Nikamwambia kwamba tangu hapo sijui, wala sitajua, kama saa zile hazikumpunguzia mama yake zile nguvu chache alizobaki nazo, na kwamba nimekuja kumwambia kabla na mimi sijafuata.

Furaha alizungusha kikombe kwenye kisahani.

"Ile siku," alisema. "Siku ulikuya na kikapu. Ukatoka bila kuniaga."

"Ndiyo hiyo."

"Ile siku Mama aliamuka." Aliniangalia. "We ulipokwisha kuenda. Tangu afike pale hakukulaka kitu, hakusemaka. Ile siku aliomba chai na mukate. Akakaa. Akanisuka nywele, Shemsa, mukono yake mwenyewe, akisema minasuka ukili muzuri lakini kichwa yangu ni kama pori. Tulicheka mupaka Masera akatugombeza. Mangaribi njo balibadilisha bombone, akalala. Hakuamuka vile tena."

Uani kwaya ilikosea wimbo, wakaanza upya. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, sikuweza kukinywa wala kukiweka. Argon ni mvivu, haiponyi mtu wala haiui, hilo nalijua sasa kuliko ninavyojua jina langu. Nilifungua mdomo kumweleza Furaha hivyo, kwa mahesabu, kwa sahani, kama nilivyofundishwa na baba yake. Yeye akanitangulia. Aliuliza polepole, bila hasira, kama mtoto anayeuliza kitu ambacho wakubwa lazima wakijue:

"Sasa mulibadilisha ya nini?"